Kazi ya Kutukana Wakulima

Karanga zikimenywa kavu zinaumiza kidole gumba. Asiyewahi kumenya gunia zima atadhani nasema maneno ya uvivu, lakini ganda la karanga ya huku kwetu, likishakaushwa na jua la Dodoma, ni gumu na lina ncha, na jioni ukinawa kwa sabuni unajua kila mahali lilipopita. Kwa hiyo wanawake wa vijijini wana njia yao. Wananyunyizia maji karanga zikiwa bado kwenye maganda, wanazifunika na gunia, na kukicha ganda limelainika, linafunguka kwa vidole viwili. Mama yangu alifanya hivyo, na mimi nilifanya hivyo nikiwa msichana. Hakuna aliyetuambia kwamba maji yale yanaingia mpaka kwenye punje, na punje ikifungiwa gizani na maji yake inaota ukungu, na ukungu ule una sumu ambayo haifi hata ukikaanga, hata ukichemsha. Siku hizi wanaiita sumukuvu. Haikuui leo. Inakaa kwenye ini, inangoja.

Hiyo ndiyo tuliyokuwa tunapigana nayo ghalani.

Ghala lilikuwa la shirika moja la kusaidia watu, nje kidogo ya mji. Shirika lilinunua karanga, uwele na mtama kutoka vijijini, sisi tukachambua kwa ungo na kwa macho, mashine ikasaga, na unga wa uji ukapelekwa kwenye kliniki za watoto waliodhoofu. Mtoto ambaye shingo yake haisimami ndiye aliyekuwa anakula unga ule. Ndiyo maana gunia moja lenye maji halikuwa jambo dogo. Mimi nilikuwa mpokeaji. Shule niliishia darasa la pili, lakini vijiji nilivijua: nani analima bondeni na nani kwenye kichanga, nani anavuna mapema kwa sababu ya njaa, nani ana banda la kuanikia na nani anaanika barabarani magari yakipita. Nilikaa ndani, kwenye mizani.

Nje langoni alikaa Mhehe.

Alikuja Dodoma kuolewa, mume akafa, akabaki mtaa wa Nkuhungu na watoto wake. Karatasi yake ya kazi ilisema mfagiaji. Kufagia alifagia, tena vizuri, lakini kazi yake hasa ilikuwa kuwatukana wakulima, na hiyo haikuandikwa mahali popote.

Niwaeleze waliokulia kwenye vyumba vya kupanga, ambao hata jirani yao hawamjui kabila. Wagogo na Wahehe ni watani. Wazee wetu walipigana, wakachoka, wakapatana, na toka hapo Mhehe anaweza kuniambia lolote nisikasirike, na mimi vivyo hivyo. Akifa mtu kwetu, mtani anakuja msibani kufanya vituko, anadai kuku, anaiga marehemu alivyokuwa akitembea, na wafiwa wanapata pa kupumulia. Ukimkasirikia mtani wako, aibu ni yako. Ndiyo sheria, na sikuitunga mimi.

Basi msimu wa karanga, mvua zikishakatika, wakulima walikuja na baiskeli, na mikokoteni ya punda, na pikipiki za magurudumu matatu. Yeye anawangoja langoni na fagio lake. Gunia likishuka analifungua, anachomeka mkono mpaka kwenye kiwiko, anautoa, anautazama kama mtu aliyelambwa na ng'ombe.

"Wagogo ninyi, mwaka mzima mnalia mvua hakuna, kumbe mnaificha kwenye magunia."

Watu wote langoni wanacheka, na mwenye gunia anacheka. Nakumbuka mzee mmoja alimwambia apunguze kunusa, humo hakuna mbwa. Sisi Wagogo tunawasema Wahehe kwamba wanakula mbwa, nao wanatusema kwamba ni ombaomba. Mhehe akamjibu kwamba angemkuta mbwa angelichukua gunia zima bila kupima, lakini maji anayo bombani kwake, hana haja ya kuyanunua kutoka kwa ombaomba. Yule mzee akafunga gunia lake, akaligeuza, akaondoka huku bado anacheka, na wiki iliyofuata akarudi na karanga kavu na maneno mapya aliyoyatafuta njiani. Hakuna aliyedharauliwa na hakuna aliyepelekwa kwa mtendaji wa kijiji. Gunia bovu limerudi na rafiki amebaki.

Mimi nisingeweza. Nikiona maji, nayaona, hilo halina ubishi. Lakini waliokuja na magunia walikuwa watu wangu: wifi zangu, mashemeji, binamu za marehemu mume wangu, watu niliokaa nao mkeka mmoja msibani. Kwetu mtu wa ukweni humwambii neno kavu. Mkwe unampisha njia. Unamwangalia magotini, siyo usoni. Sasa utamwambiaje kwamba karanga zake ni sumu? Ndiyo maana Mhehe alikuwa langoni na mimi ndani kwenye mizani. Hakuna aliyetupanga hivyo. Kazi yenyewe ilitupanga, mwaka baada ya mwaka, kama maji yanavyojichimbia korongo.

Na matusi yale yalikuwa na kumbukumbu ndani yake. Kulikuwa na kona moja ya ghala, ukuta wa nyuma, ambapo unyevu unapanda kutoka chini hata wakati wa kiangazi. Zamani yeye alipanga magunia pale kwa kutojua, yakaota ukungu, akasemwa na ofisi. Toka siku hiyo kona ikaitwa kwa Mhehe. Vibarua wakija na mizigo nawapigia kelele kutoka kwenye mizani: msiweke kwa Mhehe, mtalisha mbwa wake. Hakuna kibarua aliyesahau. Naye alinilipa. Kila nikipokea mzigo kutoka kijiji fulani ananiuliza, ombaomba, huyu naye ni shangazi yako? Kwa sababu siku za nyuma nilimwonea haya shangazi nikapokea karanga zake zenye maji, na unga wote uliosagwa nazo ukamwagwa. Tuliyasema haya kila msimu, mbele ya wageni, mbele ya viongozi. Wageni walidhani tunacheza.

Halafu wafadhili wakapunguza.

Neno lilikuja kidogo kidogo kama linavyokuja siku zote. Gari moja likaondoka, kisha chai ya saa nne ikaondoka. Kisha mkurugenzi, mama mmoja wa heshima ambaye sitamsema vibaya, akatuita sote ndani ya ghala, akasimama kati ya magunia akatuambia kwamba nusu yetu hatutabaki. Alikuwa ameandika atakayoyasema lakini hakusoma. Alisema hataki ujuzi upotee, na kwamba kabla ya kuamua anataka tumsaidie yeye: nani akiondoka, kazi itasimama?

Watu wakanitazama mimi. Nilijua vijiji, nilijua mbegu, nilikuwa mkongwe. Ilikuwa haki wanitazame.

Mhehe akawa wa kwanza kusema. Akaegemea fagio lake, akasema: "Mbakizeni ombaomba huyu, akitoka hapa atakaa barabarani kuwasumbua. Mimi nitakula mbwa wangu taratibu."

Ghala lote likacheka. Mkurugenzi naye akacheka, nadhani kwa kushukuru, maana lilikuwa jambo zito na mtu amelifanya jepesi. Nami nikamjibu kama tulivyozoea, nikamwambia aende, ghala litanuka vizuri. Wakacheka tena. Ndivyo tulivyokuwa tunaongea kila siku ya Mungu, na siku ile haikuwa na alama yoyote ya kuitofautisha na nyingine. Jioni jina lake likawekwa kwenye walioondoka. Mfagiaji. Nani hawezi kufagia?

Wakaleta mtu wa kuniandika. Ndiyo, kuniandika mimi, ili siku nikifa ujuzi ubaki. Alikuwa Mrangi wa Kolo, mtu mzima mwenye familia, mpole, shikamoo yake haikunikosa hata asubuhi moja. Alikaa pembeni ya mizani na kompyuta yake magotini, akaniuliza, nikamjibu, akaandika. Vijiji akaviandika, na mbegu. Kona ya nyuma akaiandika: isiwekwe mzigo. Hilo akaliweka vizuri kabisa, na picha akapiga. Sina la kumlaumu. Kila kilichoweza kuandikwa aliandika.

Siku moja akaniuliza, "Bibi, na yule mama aliyekuwa langoni, yeye alikuwa anafanya nini hasa?"

"Alikuwa anawatukana wakulima."

Akaacha kuandika. Nikamweleza yote, kama nilivyowaeleza ninyi. Na alielewa. Siwezi kusema hakuelewa. Warangi nao wana watani wao, na nyumbani kwao amewaona wakifanya vituko makaburini. Alielewa mpaka mwisho, akasema, "Nikiandika hivi, bibi, ofisini wataniuliza cheo chake kinaitwaje." Akaandika: mawasiliano na wakulima. Akanisomea. Nikamwambia sawa. Ningemwambia nini?

Kisha akanieleza habari ya kwao. Kule Kolo kuna michoro kwenye mawe ya mlimani, wanyama na watu wenye miguu mirefu, na wageni wanakuja kutoka nchi za mbali kuitazama. Serikali inailinda, hairuhusiwi hata kuigusa. "Michoro ipo, bibi," akasema. "Hakuna anayejua walikuwa wanasema nini." Akafunga kompyuta, akaenda kuswali.

Msimu ukafika. Ofisi ilikuwa imenunua kipima unyevu, chuma chenye mkuki unaochomeka kwenye gunia, na kioo cha namba. Kizuri. Tena nitasema kweli, kilikuwa kizuri kuliko mkono wa Mhehe na kuliko macho yangu, maana mkono unachoka na macho yangu yana ukungu wake. Mrangi akawekwa langoni nacho. Magunia ya kwanza yalikuwa makavu, mambo yakaenda.

Kisha akaja mkwe.

Mkwe wangu huyu ni mama wa mume wa binti yangu wa mwisho. Mimi namwita mkwe na yeye ananiita mkwe. Mwanamke mchapakazi, mlokole, nyumba yake inafagiliwa alfajiri. Alikuja na mkokoteni wa punda na magunia yake yamejaa, amevaa kitenge kipya kwa sababu anakuja mahali nilipo mimi. Nyuma yake kulikuwa na foleni ya watu wa kijiji chake. Mrangi akachomeka mkuki, akatazama kioo, akachomeka tena kwenye gunia jingine. Akainama kidogo, kama mtu mwenye adabu, akamwambia mama samahani, karanga zina unyevu mwingi, hatutaweza kuzipokea.

Mkwe akakitazama kile chuma. Akamuuliza kama kimewahi kulima. Watu wakaguna. Mrangi akasema samahani tena. Alikuwa mgeni, hakuwa mtani wa mtu pale, hakuwa na kitu mdomoni isipokuwa samahani. Mkwe akageuka, akaniona ndani kwenye mizani.

"Mkwe yupo," akasema. "Mkwe atasema yeye kama mimi ni mtu wa kuleta kitu kibaya."

Nikatoka. Ilinibidi nitoke, watu wote walikuwa wananiangalia. Nikaingiza mkono wangu kwenye gunia, na sikuhitaji kuuingiza mbali. Karanga zilikuwa na ubaridi ule. Alikuwa amezinyunyizia, kama mama yangu, kama mimi nilipokuwa msichana, kwa ajili ya vidole vyake tu, maana hata yeye ni mzee sasa. Nikamwona mtoto wa kliniki, yule asiyesimamisha shingo. Nikamwona mkwe. Nikatafuta njia katikati, na njia niliyoijua ilikuwa moja, ile niliyoisikia miaka yote langoni pale pale niliposimama.

Nikasema, na nikalazimisha kucheka, "Mkwe, naona mwaka huu mvua mmeificha kwenye gunia."

Hakuna aliyecheka. Hata punda hakutikisa sikio.

Maneno yalikuwa yale yale. Lakini kutoka kwa Mhehe yalikuwa maji ya kunawa, na kutoka kwangu yalikuwa kofi. Mkwe akaangalia chini, akanyoosha kitenge chake, akasema polepole, ili wote wasikie:

"Umeniita mwizi wa kuuza maji mbele ya kijiji changu, mkwe. Sawa. Nimesikia."

Nikaanza kumweleza habari ya ukungu, na ini, na watoto. Yote kweli, na yote yakaongeza, maana sasa nilikuwa namwita mwizi na muuaji pia. Akafunga magunia yake mwenyewe, kamba akaivuta mpaka ikalia, akageuza punda. Na wale waliokuwa nyuma yake, mmoja mmoja, bila kelele, wakageuza nao. Walikuwepo waliokuwa na karanga kavu kabisa, naapa. Wakageuza. Nani atakaa kupimwa mahali ambapo mtu anamdhalilisha mkwewe?

Pale njia panda kulikuwa na Fuso la mchuuzi. Lilikuwepo kila msimu na kila msimu lilipata mabaki. Mwaka ule lilijaa mpaka juu. Mchuuzi hapimi unyevu. Yeye anafungua mdomo wa gunia, anafunga, anasema mama pole na jua.

Binti yangu akanipigia simu jioni. Hakulia, ni mtu wa kujizuia kama mimi. Alisema, "Mama, ungenyamaza tu." Nikamwambia kuna watoto wanakula unga ule. Akasema, "Najua. Na mimi nakaa kwenye nyumba hii."

Habari ikafika kijiji hadi kijiji, kama inavyofika. Foleni langoni ikapungua, kisha ikawa watu wawili watatu wenye vidumu vya karanga. Mkurugenzi akaniita kwa upole akaniuliza tatizo ni nini, mbona tumembakiza mwenye ujuzi. Nikamwambia ujuzi ninao, mdomo ndio uliofukuzwa. Akaandika kitu.

Basi nikaenda Nkuhungu.

Mhehe alikuwa anauza mkaa kwenye makopo mbele ya chumba chake. Mikono na kanga vyote vyeusi. Nilikuwa nimembebea mfuko wa unga wa ghala, na sasa hivi ninaposimulia ndipo ninapouona mfuko ule ulivyokuwa unaonekana: aliyebaki anampelekea aliyeondolewa. Nikamwita kutoka mbali, kwa sauti, kama zamani.

"Mla mbwa, bado hujafa?"

Akainuka. Akajifuta mikono. "Shikamoo dada," akasema.

Yule mwanamke hajawahi kuniamkia. Miaka yote ile, asubuhi aliniuliza kama nimeshaomba chochote njiani. Nami namzidi umri, ndiyo, lakini mtani haamkiwi, mtani anatukanwa. Akaniletea kiti, akakifuta kwa kitambaa safi, akanipa maji kwenye glasi, akaupokea unga kwa mikono miwili na kupiga goti kidogo. Nikajua kabla sijakaa. Nikajaribu tena, nikamwambia mkaa wake umemfaa, sasa ndani na nje ni rangi moja. Akatabasamu kama mtu anavyotabasamu kanisani.

Nikamweleza. Nikamwambia msimu unatuishia, wakulima wamekimbia, aje asimame langoni hata siku chache awarudishe, wanamkumbuka, wanamuulizia. Hilo lilikuwa kweli, walimuulizia.

Akaniuliza, "Nisimame kama nani, dada?"

Nikasema kama mtani.

"Nilikuwa natania nikiwa na kwangu," akasema. "Mtu mwenye kazi akitukana, anatania. Nikisimama pale sasa, nitakuwa mwanamke aliyefukuzwa anayetukana watu barabarani. Watasema ana uchungu wake." Akapanga makopo ya mkaa, moja hapa, moja pale. "Na kweli ninao."

Akaja mteja, akamhudumia. Nilipoondoka alinisindikiza mpaka kona, akasema nisalimie watoto. Nilitembea kurudi kwangu Chang'ombe, hii yetu ya Dodoma, nikimngoja anirushie neno mgongoni. Nilikuwa nimepunguza mwendo ili linifikie.

Nilirudi ofisini nikaomba wamwajiri tena. Mrangi aliandika ombi yeye mwenyewe, akaliweka vizuri, akatumia maneno makubwa. Likajibiwa kwamba nafasi hiyo haimo kwenye mpango. Kliniki zilikuwa zinadai unga. Kwa hiyo ofisi ikanunua karanga mjini, kwa mchuuzi, na nani asiyejua mchuuzi alizipata wapi? Nilizipokea mwenyewe kwenye mizani. Kipimo kilisema zimekauka, na zilikuwa zimekauka kweli, juu ya Fuso, juani, ukungu ukiwa umeshaingia. Kipimo kinapima maji ya leo, siyo ya mwezi uliopita. Niliwaambia. Tulitenga magunia mawili yaliyonuka. Mengine hayakunuka.

Baadaye unga ukapimwa na wakubwa, ukakutwa na sumukuvu, ukarudishwa uliobaki. Uliobaki. Ulioliwa uliliwa, na sijui nani aliula, na hakuna aliyeniambia wala sikuuliza. Ghala likafungwa. Safari hii hawakuuliza nani akiondoka kazi itasimama. Mrangi naye aliondoka, alikuja kuniaga, akaniambia yote niliyomweleza yamehifadhiwa, yapo salama. Namwamini. Ghala sasa ni ukumbi wa harusi. Nimeambiwa ule ukuta wa nyuma wameupaka rangi na rangi inabambuka, hawajui kwa nini.

Ningeishia hapo, lakini kuna siku moja zaidi.

Binti yangu alibatiza mtoto, na sherehe ikafanyika kijijini kwa mkwe. Kufikia wakati huo nilikuwa nimeshapeleka kuku na kitenge, wazee wamekaa, nimeomba radhi. Niliomba radhi kwa kusema kweli, na mkwe akaipokea, na tukashikana mikono tukiangaliana magotini. Mhehe naye alialikwa. Binti yangu anamwita mama mdogo tangu alipokuwa anakuja ghalani akitoka shule. Tulikaa mkeka mmoja, ugali wa uwele katikati, na mlenda, na nyama, na bakuli kubwa la mboga ya majani iliyoungwa na karanga. Mkwe aliipika mwenyewe. Ilikuwa nzito, inang'aa mafuta.

Nikaonja. Unajua ule uchungu wa ukungu? Hauko kwenye ncha ya ulimi. Unakuja nyuma, ukishameza, kama umelamba ukuta wa nyumba ya zamani. Nikamtazama Mhehe. Tonge lake lilikuwa limesimama mdomoni. Zamani angelitema pale pale mkekani, angesema Wagogo mmeniita kunimaliza ili mrithi makopo yangu ya mkaa, na kijiji kizima kingecheka, na bakuli lingeondoka, na mkwe angecheka kuliko wote.

Akameza. "Mboga tamu, mama," akamwambia mkwe. "Mungu aubariki mkono wako."

Mkwe akafurahi. Mtoto wa binti yangu alikuwa mapajani mwangu, nikampa ugali na nyama. Akanyoosha kidole kwenye bakuli, akaanza kulia. Nikampa nyama nyingine. Akazidi kulia.

Mhehe akaomba maji, akatoka. Nikamshusha mtoto, nikamfuata. Nyuma ya nyumba nikamkuta anasukutua, anatema kwenye mchanga, anasukutua tena. Nikasimama karibu naye.

"Mla mbwa," nikamwambia. "Ingia useme."

Akajifuta mdomo kwa upindo wa kanga. Alinitazama usoni, na ilikuwa mara ya kwanza siku ile.

"Wewe ndiye waliyekubakiza, dada," akasema. "Sema wewe."

Ndani kilio cha mtoto kilikuwa kimekatika. Nikasikia sauti ya mkwe, laini, ya mtu anayelisha.